Taa ya injini imewaka? Soma namba kwanza, spea baadaye

Ni ile taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini. Kwenye magari mengine imeandikwa CHECK tu. Ikiwaka, madereva wengi hufanya moja kati ya mawili. Kuna wanaoizoea mpaka wanasahau kama ipo. Na kuna wanaokimbilia gereji ya kwanza, wanatoka na plagi mpya, sensa mpya, bili nene, na taa ileile. Kuna njia ya tatu, na haikutaki uwe fundi. Kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, ikiwasha taa huwa imeshaandika namba ya hitilafu ndani yake. Kazi yako ni kuipata namba hiyo kabla mtu hajaifuta.

1. Kabla hujashuka garini: inawaka vipi?

Taa ikiwaka na kutulia, na gari linavuta kama kawaida, hakuna dharura. Maliza safari kwa mwendo wa kistaarabu, usikanyage mafuta mpaka chini, kisha panga kupima ndani ya siku chache. Usisubiri mwezi. Gari linalochoma mafuta vibaya linakula petroli kila siku, na taratibu linaua vitu vya bei kubwa.

Taa ikipepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo, hilo ni jambo jingine kabisa. Injini inamisi vibaya kiasi kwamba petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya masega, yaani kile kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki, kwenye bomba la moshi. Masega yanapata joto mpaka yanakuwa mekundu, na yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi. Hapo gari halivuti tena hata ukibadilisha plagi na koili zote zinazozipa plagi umeme. Mara nyingi hali hii hujitokeza injini ikibebeshwa kazi: gari limejaa watu na mizigo, unapanda mlima wa Kitonga, umekanyaga mafuta, mara usukani unaanza kutetemeka na taa inapepesa. Ondoa mguu kwenye mafuta palepale. Kupepesa kukikoma, jikokote polepole hadi mahali salama. Kusipokoma, egesha, zima injini, weka pembetatu na utafute wa kukuvuta. Bredauni inauma mfukoni, lakini masega yanauma zaidi.

Usichanganye taa hii na zile nyekundu. Taa nyekundu ya oili, yenye umbo la birika linalodondosha tone, na taa nyekundu ya joto la injini hazina majadiliano: simama na uzime. Kwenye magari madogo kama Passo na Vitz nyingi huna geji ya joto. Una taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemsha. Gari likichemsha, usifungue mfuniko wa rejeta likiwa bado la moto, hata kama kuna mtu pembeni ameshika kitambaa na anakuhakikishia kwamba yeye huwa anafungua tu.

2. Jiulize nini kimetokea siku mbili tatu zilizopita

Hatua hii haina gharama yoyote, na mara nyingi ndiyo inayotoa jibu.

Umetoka kuosha injini kwa mashine ya presha? Maji huingia kwenye visima vya plagi na kwenye soketi za koili, na gari linaanza kumisi kabla hujafika nyumbani. Vivyo hivyo ukipita kwenye maji ya mafuriko, pale Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika kwa mfano. Zima, acha pakauke vizuri, kisha ndipo uanze kumtafuta mchawi. Na ukirudi kwa vijana wa kuosha magari, waambie boneti ibaki imefungwa.

Gari limetoka sevisi? Fungua boneti uangalie boksi la filta ya hewa. Klipu zote zimefungwa? Hozi kubwa inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini imekazwa? Karibu na boksi hilo kuna sensa inayopima hewa inayoingia, na soketi yake huchomolewa wakati wa sevisi na kusahaulika. Umefuata maagizo ya ratiba, umelipa, halafu taa imewaka kwa sababu ya soketi iliyoachwa inaning'inia. Hutokea kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Umetoka sheli? Mafuta machafu au yaliyochakachuliwa huwasha taa, ndiyo maana Tanzania ilianza kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Tunza risiti. Gari likianza kusumbua dakika chache baada ya kujaza, risiti ndiyo ushahidi wako wa pekee.

Hapa niseme kidogo kuhusu ule ushauri unaozunguka kila mahali, kwamba taa ikiwaka kaza kifuniko cha tangi. Ni ushauri wa kweli kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, kwa sababu kompyuta zake hupima kama mvuke wa petroli unavuja. Magari mengi ya soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoendesha huku, hayana kipimo hicho. Kaza kifuniko kwa sababu ni tabia njema, lakini usitegemee taa izimike kwa hilo.

Kama gari lilikaa bila kutembezwa, kagua waya. Panya hupenda joto la injini, na hupenda zaidi ganda la waya. Angalia pia teminali za betri: unga mweupe au wa kijani, nati iliyolegea. Betri dhaifu huifanya kompyuta iandike namba za ajabu ajabu zisizohusiana na chochote kibovu, hasa gari likiwa limetoka kubustiwa. Mwisho, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kufanya jambo lolote jingine.

3. Soma namba

Chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya pedeli, kuna soketi yenye matundu 16. Magari yote madogo yanayouzwa Marekani yamekuwa na mfumo mmoja wa kusoma hitilafu tangu modeli za mwaka 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001. Japani ilichelewa, mfumo unaofanana na huo ulianza kuwa lazima kwa modeli mpya kuanzia mwaka 2008. Tarehe hii si historia ya kujifurahisha. Ndiyo sababu kifaa kidogo cha bluetuthi ulichonunua Kariakoo kinasoma vizuri gari la shemeji yako la Kijerumani, halafu kwenye IST yako ya 2004 kinaandika kwamba hakuna mawasiliano. Soketi ni ileile, lugha ya ndani ni tofauti. Gari si bovu, na kifaa pengine si kibovu pia. Baadhi ya programu za simu zina mpangilio maalumu wa Toyota za soko la Japani. Jaribu huo kwanza. Ukigoma, nenda kwa fundi umeme wa magari mwenye mashine kubwa inayosoma Toyota kwa lugha yake.

Kifaa hicho kidogo nakipendekeza kwa kila mwenye gari. Bei yake ni chini ya kujaza tangi la IST. Kama simu yako ni iPhone, uliza kabla ya kununua, maana vingi vya bei nafuu vinaelewana na Android pekee.

Namna ya kusoma: zima gari, chomeka kifaa, zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake bila kupiga stati, unganisha simu, chagua kusoma hitilafu. Ikitokea namba, piga picha ya skrini. Kisha tafuta sehemu inayoonyesha hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji. Watu wengi huiruka, na hata mafundi huiruka. Hitilafu iliyotokea injini ikiwa na nyuzi 35 asubuhi si sawa na iliyotokea ikiwa na nyuzi 90 kwenye mlima.

Toyota za zamani zina njia nyingine. Fundi anaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, anawasha ufunguo, na taa yenyewe inahesabu: inapepesa mara mbili, inapumzika, inapepesa mara tano, maana yake 25, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Ni ujanja mzuri gari likiharibikia mbali na mji. Lakini tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo kama mkono wako hauna uhakika, mwachie anayejua.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchomoa teminali ya betri ili taa izimike. Inazimika kweli. Inazimika pamoja na namba, pamoja na kumbukumbu ya hali ya gari, na pamoja na yale kompyuta iliyojifunza kuhusu sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Kwenye magari kadhaa ya Japani redio nayo inajifunga na kukudai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza aliiacha Yokohama.

4. Namba inasema nini, na haisemi nini

Namba huanza na herufi. P ni injini na gia boksi. Ikifuatiwa na 0, maana yake ni moja kwa magari yote. Ikifuatiwa na 1, mara nyingi ni ya kampuni husika na lazima uitafute kwa jina la gari lako. Namba inakuonyesha eneo la tatizo. Haikutajii spea ya kununua. Kosa la kawaida ni kusoma neno sensa na kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, kununua sensa, wakati sensa ilikuwa inafanya kazi yake ya kushtaki.

P0171 ni mfano mzuri. Inasema hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoshtaki, lakini mkosaji anaweza kuwa hozi iliyopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, filta ya petroli iliyoziba au pampu iliyochoka. Anza na hozi: injini ikiwa inaunguruma, sikiliza mlio wa kufyonza, kisha uzime na uzikunje kwa vidole kutafuta nyufa. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuigusa kwa kitambaa wala mswaki. Uzi wa ndani ni mwembamba mno.

P0128 inasema injini haifikii joto lake. Huku kwetu sababu yake kubwa ni binadamu: fundi aliitoa themostati gari lilipochemsha, akasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Inahitajika. Themostati za Toyota nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82, na bila hiyo maji yanazunguka muda wote, injini inabaki na ubaridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ikidhani ni asubuhi. Gari linakula mafuta na mwenye gari analaumu nozeli zinazopuliza petroli. Kama gari lilikuwa linachemsha, dawa ilikuwa kwenye rejeta, feni au pampu ya maji. Rudisha themostati.

P0420 inayalenga masega. Kabla ya kuhukumu, chungulia kama bado yapo. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna wanaoyanunua kwa bei ya kuridhisha, kwa hiyo si ajabu gari likaingia gereji nayo na kutoka likiwa na bomba tupu. Hapo taa itawaka milele. Dawa ya mtaani ni kuisogeza nje sensa ya nyuma kwa kipande cha bomba ili idanganyike. Taa inazimika, moshi unabaki vilevile, na siku sensa ikiwa na shida ya kweli hutajua. Mimi siipendi, ingawa namwelewa asiye na hela ya masega mengine.

P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni ya mbele. Hii mara nyingi ni sensa yenyewe kweli, baada ya kuangalia fyuzi na waya wake. P0011 inahusu muda wa valvu kwenye injini za VVT-i, zile za Toyota zinazobadilisha muda huo zenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni oili: imepungua, imechoka, au ni nzito kuliko inayotakiwa.

5. Injini ikimisi, jipimie mwenyewe

P0300 maana yake injini inamisi ovyo kwenye silinda mbalimbali. P0301 hadi P0304 zinataja silinda moja. Hapa ndipo watu huuziwa koili 4 wakati mbovu ni moja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua injini ya 1NZ, ile ya IST, Raum, Spacio na Probox nyingi. Tuseme namba ni P0302. Zima gari uache injini ipoe. Toa kava la plastiki juu ya injini; utaona koili nne zimejipanga, kila moja imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Silinda namba 1 ni ya upande wa mkanda wa feni, kwa hiyo namba 2 ni inayofuata. Bonyeza klipu ya soketi kabla ya kuvuta. Plastiki yake imepikwa na joto miaka 15 au zaidi, ukilazimisha itakatika, na soketi isiyo na klipu ni chanzo kipya cha kumisi. Fungua bolti, zungusha koili kidogo kulia na kushoto, ivute juu.

Angalia mpira wa chini wa koili. Ukiona mstari mweupe au mweusi uliochora kwa urefu, umeme ulikuwa unavujia hapo. Ukikuta oili kwenye kisima cha plagi, gasketi ya kava la juu imechoka, na koili mpya bila gasketi ni kutupa hela.

Sasa hamisha koili ya namba 2 uiweke namba 3, na ya 3 uilete namba 2. Funga, futa hitilafu kwa kifaa (namba tayari unayo kwenye picha), endesha mpaka taa irudi. Ikisoma P0303, ugonjwa umehama na koili. Nunua koili moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Rudia zoezi kwa plagi, ukitumia spana ya plagi ya namba 16, na ukianza kuifunga kwa vidole ili usiharibu nyuzi za kichwa cha injini. Plagi nayo ikihama bila namba kuhama, imebaki nozeli ya silinda hiyo, waya wake, au mgandamizo. Hapo ndipo unapompa fundi kazi, na unampa ukiwa umeshaondoa nusu ya maswali.

Plagi mpya chagua kwa macho. Boksi lenye jina kubwa halithibitishi kitu, feki zimejaa. Linganisha na ya zamani: maandishi kwenye kaure, unene wa ncha, umaliziaji wa nyuzi.

6. Ukifika kwa fundi

Mpe namba na maelezo mafupi: ilianza lini, baridi au moto, ukipanda au ukiwa umesimama kwenye foleni. Muulize amepimaje kabla ya kukutajia spea. Jibu la "mashine imesema" halitoshi, kwa sababu mashine imesema namba tu. Fundi mzuri atapima waya kwa mita, atahamisha koili, atapima presha ya petroli. Spea ikibadilishwa, omba ya zamani. Kama ni spea ya mtumba, kubalianeni mapema kama inarudishwa isipotibu, na mkubaliane mbele ya muuzaji.

7. Baada ya matengenezo

Hitilafu inafutwa kwa kifaa baada ya kurekebisha. Hata usipoifuta, kompyuta huizima taa yenyewe ikimaliza safari tatu mfululizo bila kuliona tatizo, na namba husafishwa kwenye kumbukumbu injini ikishapoa na kupata moto mara 40. Kwa hiyo taa iliyozimika yenyewe bado imeacha alama. Unaweza kuisoma wiki kadhaa baadaye. Ikirudi siku ileile na namba ileile, matengenezo hayakugusa chanzo. Ikirudi na namba nyingine, soma upya toka mwanzo.

Hapa kuna jambo la faida kwa anayetaka kununua gari la mkononi. Zungusha ufunguo bila kupiga stati: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa balbu. Ikizimika sekunde ileile na taa ya oili au ya betri, bila tofauti hata kidogo, inawezekana imeunganishwa nayo kwa waya. Halafu chomeka kifaa, nenda kwenye orodha ya vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe. Vingi vikiwa havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni. Muuzaji akikuambia ni betri tu ilibadilishwa jana, mwambie sawa, utarudi wiki ijayo gari likishatembea, na uje na kifaa chako.